Mishipa haihesabu kilomita

Msomaji, unapomkatia mzazi wako tiketi ya kwenda Marekani kuwaona wajukuu, bila shaka huuliza mambo mawili: nauli ni kiasi gani, na ndege itachukua saa ngapi? Mimi naomba uulize la tatu: miguu yake itakaa imekunjwa kwa muda gani?

Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Shirika la Kenya Airways lilipoanzisha safari ya moja kwa moja mnamo Oktoba 28, 2018, muda uliotangazwa ulikuwa saa 14 hadi 15, kutegemea upande wa safari. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini saa 15 ni nyingi mno kwa mtu kukaa kitako.

Damu iliyo miguuni hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli tunapotembea. Ukikaa tuli, damu huenda polepole na huweza kuganda katika mishipa ya ndani ya mguu. Donge hilo liking'oka na kufika mapafuni, huweza kuua ghafla. Mwaka wa 2007, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya ni kama mmoja kati ya 6,000.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kupitia Ulaya na kubadilisha ndege. Sikubaliani nao. Ni kweli utapata nafasi ya kutembea uwanjani, lakini saa za safari huongezeka, na ndege mbili ndefu zikifuatana, hatari nayo hupanda.

Wasafiri wa basi nao wasijione wamesalimika. Nairobi hadi Kampala ni kama kilomita 650 tu, lakini abiria huweza kukaa saa 12 au zaidi. WHO ilionya kuhusu basi, gari na treni vilevile. Mishipa haihesabu kilomita; huhesabu saa za kukaa.

Kwa hivyo, mwone daktari kabla ya kulipa nauli ikiwa msafiri ni mzee, ni mjamzito, ni mnene kupita kiasi, ana saratani, amefanyiwa upasuaji karibuni, anatumia vidonge vya kupanga uzazi au amewahi kupatwa na donge la damu. Daktari ndiye atakayeamua kama anahitaji soksi za kubana au sindano. Usimpe aspirini kwa kusikia ya majirani.

Mchagulie kiti kilicho kando ya njia, hata kama anatamani dirisha. Asimame na kutembea mara kwa mara, na akiwa ameketi achezeshe vifundo vya miguu. Anywe maji, aepuke pombe na dawa za usingizi.

Zaidi ya yote, safari haiishi ndege inapotua. Donge huweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi zikikatika au kifua kikichoma, usimwambie mzee wako kwamba huo ni uchovu wa safari. Mpeleke hospitalini mara moja, na umweleze daktari alikotoka na saa alizokaa.