Risala ya Wakazi wa Lamadi Kuhusu Majimbo Yaliyofutwa na Kumbukumbu Zake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi wakazi wa Lamadi, wavuvi, wakulima wa pamba na wafanyabiashara wa njia panda ya Mwanza, Musoma na Bariadi, tuna lalamiko moja kubwa: jimbo likibadilishwa, historia yake inatelekezwa.

Mwaka 2010 Mkoa wa Simiyu haukuwapo. Sisi tulipiga kura Jimbo la Busega tukiwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Ndugu zetu wa Bariadi walikuwa Mkoa wa Shinyanga, wakiwa na majimbo mawili: Magharibi la Andrew Chenge wa CCM, na Mashariki lililomrudisha bungeni John Cheyo wa UDP, Bwana Mapesa kama alivyozoeleka. Mwaka 2012 mkoa huo ukazaliwa, ukatuunganisha. Ulipofika uchaguzi wa 2015, majimbo ya Mashariki na Magharibi hayakuwapo tena; palikuwa na Bariadi na Itilima. Mei 2025 Tume ya Uchaguzi ikatangaza mengine: Bariadi Mjini na Bariadi Vijijini.

Hatupingi mabadiliko. Watu wanaongezeka, na Ibara ya 75 ya Katiba inataka mipaka ipitiwe angalau kila baada ya miaka kumi. Lakini Bariadi Mashariki, jimbo la Usukumani ambako upinzani ulishinda mwaka 2005 na tena 2010, vijana wetu hawalijui hata kwa jina. Hilo ni pengo kubwa katika historia ya mfumo wa vyama vingi nchini. Na mzee akiulizia ahadi ya barabara au zahanati iliyotolewa kabla mipaka haijahama, anaambiwa aende wilaya nyingine. Huko nako anarudishwa alikotoka. Anazungushwa mpaka anakata tamaa.

Tunadai kumbukumbu za kila jimbo lililofutwa, yaani ramani, matokeo ya kura na ahadi, zikabidhiwe kwa maandishi kwa jimbo linalolirithi, na nakala iwekwe ofisi ya kata mwananchi aisome bila kuomba kibali. Mipaka ikipitiwa tena, mikutano ifanyike vijijini, si makao makuu ya mkoa peke yake. Historia hii ifundishwe pia katika shule zetu, wakati wazee waliopiga kura hizo wangali hai.

Mheshimiwa, tunaomba jibu la maandishi, lisomwe hapa hapa Lamadi mbele ya mkutano wa hadhara.