PUMU YA MTOTO SI SHAURI LA MAMA PEKE YAKE



Kila mwaka upepo wa kusi ukishika, kuanzia Juni hadi Agosti, sisi watu wa pwani ya Mucojo tunaona mambo mawili. Bahari inachafuka, na vifua vya watoto vinabana. Jambo la kwanza linazungumzwa barazani na kazini. La pili linaachwa ndani ya nyumba, mama ahangaike nalo usiku peke yake. Hiyo si haki, na chama cha wafanyakazi kina wajibu wa kulisema.

Wako watakaouliza: chama kinahusika nini na kifua cha mtoto? Kinahusika kwa sababu mzazi aliyekesha ndiye anayetakiwa kazini alfajiri. Kinahusika kwa sababu vumbi la kazini linarudi nyumbani na nguo zetu. Na kinahusika kwa sababu siku ikikatwa, dawa hainunuliki.

PUMU NI NINI

Ndani ya kifua mna mirija ya kupitisha pumzi. Kwa mtoto mwenye pumu mirija hiyo imevimba kwa ndani. Ikiguswa na kitu isichokipenda inabana, inajaa makohozi, na pumzi inatoka kwa shida huku ikipiga mluzi. Pumu haiambukizi, wala si dalili kwamba mtoto amerogwa. Huweza kutembea katika ukoo, lakini hiyo si aibu ya ukoo.

Wengi wetu tunamlaumu kusi. Kweli, hewa ya baridi inaweza kumbana mtoto. Lakini baridi yetu si ya barafu. Usiku wa Julai ni nyuzi 20 hivi. Adui mkubwa ni yale yanayokuja pamoja na kipupwe. La kwanza ni mafua, ambayo kwa watoto wadogo ndiyo huanzisha pumu mara nyingi zaidi. La pili ni moshi. Kipupwe kikiingia tunafunga mlango, tunalala wengi chumba kimoja, na moto tunauingiza ndani.

Hebu tuhesabu moshi wa nyumba moja. Kuni na vifuu vya kupikia. Makumbi ya nazi ya kufukuzia mbu. Koroboi. Ubani wa jioni. Sigara ya baba. Mtoto mwenye pumu anavuta yote hayo usiku kucha, halafu asubuhi tunasema ni upepo. Jiko litolewe nje au chini ya paa lisilo na kuta. Mbu wazuiwe kwa chandarua. Mtoto avalishwe nguo ya kumtia joto, lakini dirisha libaki wazi kidogo. Mwenye mafua asilale naye mkeka mmoja kama pana nafasi. Na mtoto asifukizwe mvuke wala moshi wa majani akiwa amebanwa; moshi unazidisha kubana, na maji ya moto yamewaunguza watoto wengi.

Ndugu zetu waliokimbia Mucojo wana taabu zaidi. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, na wapiganaji walioingia Mucojo Januari 2024, vimewasukuma watu hadi Macomia, Metuge na Pemba. Kwenye kibanda cha turubai, sakafu ni udongo wenye unyevu na moto uko hatua mbili kutoka mkekani. Kumwambia mama wa hapo "ondoa moshi" bila kumpa mahali pa kupikia ni kumcheka. Wanaogawa mahema na vyakula wagawe pia majiko, na wajenge mabanda ya kupikia.

DAWA NI MBILI, SI MOJA

Pampu ya kwanza ni ya kufungua kifua, dawa yake inaitwa salbutamol. Inatumika mtoto anapobanwa. Pampu ya pili ni ya kuzuia, yenye dawa kama budesonide au beclometasone. Hii hupewa mtoto anayebanwa mara kwa mara. Anaivuta kila siku kama alivyoandikiwa, hata akiwa mzima, na baada yake anasukutua kinywa. Kazi yake ni kutuliza ule uvimbe ili kipupwe kimkute mtoto akiwa tayari. Anayeiacha kwa kuwa mtoto amepata nafuu amebomoa boma kabla fisi hajaondoka.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu moja kwa moja mdomoni. Dawa inabaki kooni. Anahitaji chombo cha kupitishia. Cha dukani ni ghali, lakini kiko cha bure. Waganga wa Cape Town, Afrika Kusini, walitoa utafiti wao mwaka 1999: chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyozibwa vizuri, ilifungua vifua vya watoto sawa na chombo cha dukani. Chupa inaoshwa. Kitako kinatobolewa kwa waya wa moto, tundu lienee sawasawa mdomo wa pampu, na pembeni panazibwa kwa gundi hewa isipenye. Mtoto anafumba midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, avute pumzi tano au sita polepole, ndipo ubonyeze tena, kwa idadi aliyoandika mganga. Mtoto asiyeweza kufumba midomo kwenye chupa anahitaji kinyago cha kufunika pua na mdomo. Mwombeni muuguzi awaonyeshe.

Ziko dalili za kutongoja hata saa moja: mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hawezi kunyonya, kunywa wala kusema, midomo inabadilika rangi, analegea na kusinzia, au pampu haimpi nafuu. Hapo ni mgongoni mwa baiskeli au pikipiki mpaka kituo cha afya, huku mkiendelea kumpa pampu njiani.

SIKU YA KAZI NA UHAI WA MTOTO

Namfahamu kibarua mmoja wa minazi aliyekesha na mwanawe kituo cha afya. Alfajiri mtoto alipata nafuu, mama akamrudisha nyumbani na kukimbilia kazini. Alifika saa mbili. Msimamizi akamwambia siku yake imekwenda. Kipupwe kilichofuata mtoto alibanwa mchana, na mama yule alingoja mpaka jioni asije akapoteza siku nyingine. Mtoto alifikishwa hana hata sauti ya kulia. Alipona. Je, mwingine naye atapona?

Sheria ya Kazi ya Msumbiji Namba 23 ya mwaka 2007 ilikubali kuwa ni halali mzazi kutokuwepo kazini akiwa na mtoto wake aliyelazwa hospitalini. Sheria Namba 13 ya mwaka 2023 imeshika nafasi yake. Lakini ndugu, liangalieni neno hilo "aliyelazwa". Pumu mara nyingi haimlazi mtoto. Inambana usiku, inatibiwa usiku, asubuhi anarudi nyumbani. Mzazi hana karatasi ya kulazwa, ana macho mekundu tu. Pengo hilo inafaa tulizibe sisi wenyewe kwenye mikataba ya pamoja.

Kwa hiyo napendekeza madai manne. Kwanza, karatasi ya kituo cha afya itoshe kuhalalisha siku, mtoto awe amelazwa au la, na vibarua wa siku wahesabiwe pamoja na wenye ajira ya kudumu. Pili, penye kukausha mbata kwa moshi, penye maganda ya korosho na penye vumbi la pamba, pawe na maji na mahali pa kubadilisha nguo kabla ya kurudi nyumbani. Tatu, viongozi wetu waende kwa wakuu wa afya kabla ya Juni, wakaulize kama pampu zote mbili zipo. Salbutamol na budesonide zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hatuombi anasa. Nne, kila tawi litenge mkutano mmoja wa kufundishana kutengeneza chupa, na akina baba wahudhurie.

Msumbiji ilitaifisha huduma za afya tarehe 24 Julai 1975, katikati ya kipupwe, mwezi mmoja baada ya uhuru. Maana yake ilikuwa kwamba uhai wa mtoto wa mkata minazi usipimwe kwa fedha ya babake. Basi usipimwe kwa saa ya msimamizi pia. Mtoto akibanwa, apelekwe mara moja, na atakayempeleka akute nafasi yake ya kazi ikimngoja.