Mficha Uchi Hazai: Neno kwa Wanaume

Methali hii tumezoea kuwaambia akina mama. Mama mjamzito akiona haya kwenda kwa mkunga, wazee humwambia: Mficha uchi hazai. Leo nataka tujiambie sisi wanaume.

Mwanamume akiumwa jino, kijiji kizima hujua. Akiumwa korodani, hata mke wake haambiwi. Hutembea akichechemea na kusema ameumia goti. Hungoja wiki nzima akitumaini kwamba maumivu yatakwisha yenyewe.

Maoni yangu ni kwamba haya ya namna hiyo si heshima. Ni hatari. Magonjwa mengi ya korodani yana tiba. Lakini yakicheleweshwa huharibu uzazi. Na mmoja kati ya magonjwa hayo haungoji hata siku moja.

KORODANI NI NINI?

Korodani ni mfuko wa ngozi. Ndani yake mna kende mbili. Kazi ya kende ni kutengeneza mbegu za uzazi. Nyuma ya kila kende kuna mrija mwembamba sana uliojikunja mara nyingi. Mrija huo ungenyooshwa ungefika urefu wa meta 6 hivi. Mbegu hukomaa humo. Kisha hupita katika mrija mwingine mpaka kwenye njia ya mkojo.

Sasa fikiri. Kama mbegu zinaweza kushuka, vijidudu vinaweza kupanda. Vijidudu vikiingia katika njia ya mkojo, vinaweza kufika kwenye ule mrija uliojikunja, na baadaye kwenye kende yenyewe. Hapo korodani huvimba, huwa ya moto, na huuma.

VIJIDUDU HUTOKA WAPI?

Kwa wanaume ambao hawajafika miaka 35, mara nyingi vijidudu hivi ni vya kisonono au vya klamidia. Magonjwa haya mawili huambukizwa kwa kujamiiana. Maumivu huanza polepole, kwa siku moja au mbili, mara nyingi upande mmoja. Mkojo huweza kuchoma. Usaha huweza kutoka. Lakini mtu mwingine haoni usaha wowote, na bado ni mgonjwa.

Kwa wanaume wenye umri mkubwa, mara nyingi sababu ni nyingine. Tezi dume ikikua, mkojo hautoki wote. Mkojo uliobaki katika kibofu huzalisha vijidudu, navyo hupanda mpaka kwenye kende. Kwa hiyo tusimcheke mzee anayeumwa korodani na kusema ametoka nje ya ndoa. Huenda hana kosa lolote.

Matumbwitumbwi nayo huweza kushuka kwenye kende. Kijana aliyekwisha kubalehe akipata matumbwitumbwi, siku chache baada ya mashavu kuvimba, kende moja au zote mbili huweza kuvimba pia. Wanaume wengi hupona vizuri. Baadhi yao hubaki na kende iliyonywea.

Kuna pia minyoo midogo sana ya matende na mabusha, ambayo huenezwa na mbu. Watu wa pwani wanaufahamu ugonjwa huu vizuri. Mwaka 2000 nchi yetu ilianza kugawa dawa za kumeza ili kuuzuia, na kisiwa cha Mafia kilikuwa cha kwanza. Aliye na busha kubwa hutibiwa kwa kupasuliwa hospitali.

UGONJWA USIONGOJA KESHO

Ndugu msomaji, soma sehemu hii mara mbili. Kama una mtoto wa kiume, msomee.

Kila kende imening'inia kwenye kamba. Ndani ya kamba hiyo mna mishipa inayopeleka damu. Umewahi kumwona mbuzi aliyefungwa akizunguka mpaka kamba ikajisokota? Kamba ya kende nayo huweza kujisokota hivyo hivyo. Ikijisokota, damu haipiti. Kende isiyopata damu hufa.

Ugonjwa huu huwapata zaidi vijana wa miaka 12 hadi 18, ingawa watu wazima nao huweza kuupata. Maumivu huja ghafla na ni makali sana. Mara nyingine humwamsha mtoto usingizini. Huweza kutapika. Kende inayouma huweza kuonekana imepanda juu kuliko mwenzake.

Tiba yake ni kupasuliwa. Inafaa kamba ifunguliwe katika saa 6 tangu maumivu yaanze. Zikipita saa 24, mara nyingi kende huwa imekwisha kufa. Maumivu yakianza saa sita usiku, usingoje kuche. Zahanati ambayo haiwezi kupasua imwandikie mgonjwa barua ya kwenda hospitali mara moja.

Watoto wengi huona haya kutaja korodani. Husema, "Baba, tumbo linaniuma." Mtoto wa kiume akilia tumbo ghafla, muulize kwa upole kama na huko chini panauma. Swali hilo moja linaweza kuokoa uzazi wake.

Na wewe mtu mzima, ukiumwa ghafla, usijipimie mwenyewe kama ni vijidudu au ni kamba. Kazi hiyo ni ya tabibu. Ngiri iliyobanwa nayo huleta uvimbe na maumivu makali, na nayo ni ya kwenda hospitali haraka.

TUSIJITIBU OVYO

Wako wanaosema kwamba korodani ikivimba mtu amerogwa. Wengine huchanja kwa wembe au hukanda kwa nguvu. Kuchanja huingiza vijidudu vingine. Kukanda huongeza maumivu. Mganga wa jadi mwenye busara atamwambia mgonjwa aende zahanati kwanza.

Wengine hununua vidonge vichache dukani. Maumivu yakipungua, huacha. Vijidudu vilivyobaki huzoea dawa, kisha ugonjwa hurudi na nguvu zaidi. Pengine hufanya jipu ndani ya korodani.

Tabibu akikuta ni vijidudu vya kujamiiana, kwa kawaida atakupa sindano na vidonge vya siku 10 hadi 14. Maliza vyote, hata ukijisikia umepona. Wakati huo pumzika. Vaa chupi ya kubana kidogo ili ishike korodani isining'inie. Ukilala, weka kitambaa kilichokunjwa chini yake. Kitambaa kilicholowa maji baridi hupunguza maumivu. Kwa kawaida maumivu hupungua katika siku 3. Yasipopungua, rudi kwa tabibu. Uvimbe huweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kwisha, usiogope.

Dawa za kuua vijidudu hazitibu matumbwitumbwi. Mgonjwa huyo hupewa dawa ya maumivu na kupumzika mpaka apone.

MKE NAYE ATIBIWE

Mume akitibiwa peke yake, amefanya nusu ya kazi. Mwanamke anaweza kuwa na kisonono au klamidia asihisi dalili yoyote. Huku nyuma vijidudu vinaharibu mirija yake ya uzazi. Nendeni wote wawili. Msikutane kimwili mpaka wote mmemaliza dawa na mume hana maumivu tena. Tena pimeni virusi vya UKIMWI, kwa kuwa njia ya kuambukizwa ni ile ile.

Msitumie ugonjwa huu kugombana nani aliyeuleta. Ugomvi humfanya mwenye dalili afiche. Dawa kwanza, maneno baadaye.

Hapa kuna jambo linalonisikitisha. Ndoa ikikosa mtoto, lawama huwa kwa mke. Huitwa tasa, hutukanwa na mawifi, pengine hurudishwa kwao. Lakini katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, tatizo liko kwa mume, peke yake au pamoja na mke. Korodani iliyovimba pande zote mbili na haikutibiwa ni moja ya sababu. Si haki mwanamke alaumiwe kwa ugonjwa ambao mume aliuficha.

TUYASEME MAMBO HAYA

Wengine watasema kwamba mambo haya hayafai kuandikwa gazetini. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakazungumza habari za choo mbele ya wakwe na watoto. Haikuwa matusi. Ilikuwa elimu, na vyoo vikachimbwa. Kama choo kilizungumzwa, korodani nayo izungumzwe, kwa maneno ya adabu.

Zahanati nazo zitusaidie. Mwanamume asilazimishwe kueleza shida yake mbele ya foleni nzima. Apewe chumba na mlango ufungwe. Na serikali ya kijiji ijue mapema ni pikipiki au gari gani litakalombeba mgonjwa usiku.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Msomee na jirani yako asiyejua. Wazee wana methali nyingine: Mficha maradhi kifo humuumbua. Korodani ikiuma, nenda zahanati leo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mtoto mwenye maumivu ya ghafla ya korodani asingoje mpaka asubuhi?

2. Kwa nini mke atibiwe pamoja na mume, hata kama haumwi?

3. Kijijini kwetu, mgonjwa wa usiku atafikaje hospitali? Nani atamsafirisha?