Baruti si Moja

Wilayani Kishapu, penye mgodi wa almasi wa Mwadui, neno "baruti" hutajwa kwa kilipuzi cha kuvunjia mwamba na pia kwa unga wa gobore. Jina hilo moja ni la hatari. Unga wa gobore huungua, ukaisukuma risasi. Wimbi la kilipuzi hupita kilomita 3 kwa sekunde, na mtutu hupasuka kabla risasi haijasogea. Hata baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina aina nyingi. Ile ya bastola za shabaha huungua upesi na hutiwa kidogo mno. Ikitiwa mara mbili kwa kusahau, ganda hubaki na nafasi na kosa halionekani. Mwalimu akaririshaye shura, mkaa na salfa pasipo kutaja kasi ya kuungua ameacha jambo lenyewe.