Filamu za Mwendelezo na Suala la Mwenye Hadithi

Filamu pendwa hazijapata nafasi kubwa katika uhakiki wa Kiswahili. Zinapotajwa, aghalabu hutajwa kwa kubezwa, na shutuma inayotangulia nyingine zote ni ile ya urudiaji: kwamba filamu ikishafaulu sokoni hufuatwa na ya pili, ya pili ikafuatwa na ya tatu, na zote husimulia jambo lile lile kwa wahusika wale wale. Shutuma hii ina ukweli ndani yake, lakini inashangaza inapotolewa na wanafunzi wa fasihi simulizi. Mhakiki anayeisifu ngano ya Sungura na Fisi kwa uthabiti wa fomula zake hawezi, bila ya kujieleza, kuigeukia filamu na kuifanya fomula hiyo hiyo kuwa kosa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba urudiaji si dosari ya filamu za mwendelezo, na kwamba kasoro yao iko mahali pengine, ambapo wahakiki wa Kiswahili wana zana nzuri za kupachunguza.

Msingi wa hoja hii si mpya. Mwaka 1928 Vladimir Propp alichambua ngano 100 za Kirusi na kubainisha majukumu 31 ya wahusika, ambayo hufuatana kwa mpangilio maalumu ijapokuwa si lazima yote yatokee katika ngano moja. Mwaka 1960 Albert Lord, akitegemea utafiti uliofanywa miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia ya wakati huo, alionyesha kuwa mwimbaji hakariri matini aliyoihifadhi bali huitunga upya kwa fomula kila anapoiimba. Tangu hapo ni vigumu kudai kwamba kurudia ni upungufu wa ubunifu. Na mtu aliyekulia katika hadithi za jioni hakuhitaji kuelezwa hayo na Propp wala Lord. Fisi huuawa leo; kesho yumo tena, ana njaa ile ile na upumbavu ule ule, na hakuna mtoto anayeuliza amefufukaje.

Mtoto haulizi kwa sababu sarufi ya ngano imekwisha kumjibu. Kila ngano hufunguliwa upya kwa -li- yake: hapo zamani za kale palikuwa na fisi. Kiambishi hicho huweka wakati, kisha vitenzi vinavyofuata huchukua -ka-, ambacho hakina wakati wake chenyewe bali hukopa ule wa kitenzi kilichotangulia. Akaenda, akamwona, akamwambia: kila kimojawapo kinaegemea kilicho nyuma yake, na mlolongo wote unaegemea -li- ya mwanzo. Ngano ya kesho haikopi chochote kutoka ngano ya leo. Ina -li- yake.

Kwa kipimo hiki, filamu ambazo watazamaji huziita zote kwa jina moja la sehemu ya pili hugawanyika. Filamu za James Bond, tangu Dr. No ya mwaka 1962, kwa sehemu kubwa hufuata sarufi ya ngano. Mwigizaji hubadilika, umri haumzidi mhusika, na adui wa filamu moja mara nyingi hahitajiki ili kumwelewa adui wa filamu nyingine. Huu ni mfululizo. The Godfather Part II ya mwaka 1974 ni jambo jingine. Michael Corleone anaendelea kutawala, anamtilia shaka ndugu yake, anaamuru auawe; vitenzi hivi vyote ni vya -ka-, na bila ya filamu ya 1972 vinabaki vikining'inia. Huu ndio mwendelezo hasa. Lakini filamu hiyo hiyo inarudi pia nyuma, hadi ujana wa baba yake Michael, na hapo sarufi inageuka kuwa ya alikuwa ame-: tendo lililokamilika kabla ya tendo ambalo mtazamaji analijua tayari. Aina hii ya tatu inaweza kuitwa filamu tangulizi, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa msimulizi wake ananyimwa silaha ya kuuficha mwisho.

Mfano unaofaa zaidi kwa msomaji wa Kiswahili ni The Lion King ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, pamoja na filamu zilizoifuata. Unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, ukoo huu una takriban kila aina iliyotajwa hapo juu. Pili, wahusika wake wengi wamepewa majina ya Kiswahili, na majina hayo yanasema mambo ambayo watazamaji wengi wa filamu hizo hawayasikii.

Filamu ya 1994 ilijifunga yenyewe. Inaanza kwa mwana wa mfalme kuonyeshwa kwa wanyama juu ya jabali, na inaishia kwa mwana mwingine kuonyeshwa juu ya jabali lile lile. Vitenzi vya katikati ni vya -li- na -ka-, lakini umbo la jumla ni la hu-: mfalme hufa, mwana hukimbia, mwana hurudi, mwana huzaa. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliikatiza hadithi alfajiri ili apate kuishi siku ya pili, na kwa hiyo hakuwa na kikomo cha kukivunja. Waliotengeneza The Lion King walikuwa na kikomo, tena kilichokamilika.

The Lion King II: Simba's Pride, iliyotolewa kwa kanda za video mwaka 1998, ilibezwa na wengi kwa kuwa ilirudia. Inamchukua mtoto aliyeonyeshwa mwishoni mwa filamu ya kwanza, inamwita Kiara, na kumpa mchumba kutoka kundi la maadui waliofukuzwa. Mapenzi ya koo mbili zenye uadui yanamkumbusha mtazamaji Romeo na Juliet wa Shakespeare, kama filamu ya kwanza ilivyomkumbusha Hamlet. Lakini ikiwa umbo la filamu ya kwanza lilikuwa la hu-, urudiaji huo si usaliti. Ni hu- ikitimizwa mara nyingine.

Kinachostahili kutazamwa katika filamu hiyo ni majina. Wahakiki wa Kiswahili huita majazi mbinu ya kumpa mhusika jina linalotangaza tabia yake. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, ndugu wa Adili huitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji hatarajiwi kushangaa wanapotenda uovu. Katika filamu ya 1998 mama aliyefukuzwa anaitwa Zira, mwanawe mkubwa Nuka, binti Vitani, na mdogo, aliyeteuliwa na Scar kuwa mrithi wake, Kovu. Jina Zira limefaulu kuliko mengine, pengine kwa bahati: mwenye kuzira hakatai tu, hukataa kwa hasira na kinyongo, na ndivyo alivyo mama huyo tangu mwanzo hadi mwisho. Vitani ni nomino yenye kiambishi cha mahali, jambo lisilo la kawaida katika majina ya watu lakini lenye maana kwa binti aliyezaliwa upande wa mapambano. Nuka, kama Pumbaa wa filamu ya kwanza, ni kitenzi kilichoachwa uchi, ambacho kwa sarufi ni amri. Hakuna mzazi Mswahili ambaye angemwamuru mwanawe anuke, lakini ucheshi unaeleweka.

Filamu mbili zilizofuata hazihitaji maelezo marefu. The Lion King 1½ ya mwaka 2004 inasimulia matukio ya filamu ya kwanza kutoka upande wa Timon na Pumbaa, wasaidizi waliokuwa pembeni, na kwa hiyo ni toleo jingine la hadithi ile ile, si mwendelezo. Kwa mzaha wake mwingi, ndiyo iliyo karibu zaidi na mwenendo wa fasihi simulizi. Filamu ya 2019 iliyoongozwa na Jon Favreau iliifuata ile ya 1994 karibu tukio kwa tukio, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Soko halikuiadhibu kwa kurudia, na hapa soko lilikuwa na desturi ya kale upande wake.

Mufasa: The Lion King ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Barry Jenkins, ndiyo inayolifikisha suala mahali pake. Umbo lake la nje lingemfurahisha mwalimu yeyote wa fasihi simulizi: Rafiki ni fanani, Kiara ni hadhira, na Timon na Pumbaa huingilia kati kwa maswali na utani, kama hadhira ya ngano inavyofanya. Ndani ya masimulizi hayo Mufasa ni yatima aliyechukuliwa na mafuriko, akaokolewa na mwana wa mfalme wa nchi nyingine, akalelewa na mama wa mwana huyo. Mwokozi wake anaitwa Taka. Baadaye Taka anamsaliti nduguye huyo wa kulelewa, anapata kovu usoni katika vita vya mwisho akimkinga, na kwa kuwa Mufasa ameapa kutolitamka tena jina lake, anachagua kuitwa Scar.

Filamu hii inamtaka mtazamaji ampende Taka kwanza, kisha ahuzunike anapopotoka. Kwa asiyejua Kiswahili hilo linawezekana. Kwa anayekijua, mrithi wa ufalme ametangazwa kuwa uchafu kabla hajatenda lolote. Inaweza kutetewa kwamba jina limetokana na kitenzi, kwa maana ya mwenye kutaka: alimtaka Sarabi, akautaka na ufalme. Hata hivyo umbo hilo nalo ni la amri, na sikio la Mswahili hutangulia kusikia takataka. Zipo jamii zinazompa mtoto jina baya makusudi ili kifo kimpite, lakini filamu haidokezi desturi ya namna hiyo. Majazi yamewekwa mahali ambapo msuko ulihitaji yasiwepo. Waliochagua majina hawakuwafikiria watazamaji wanaoyaelewa, na pengine hii ndiyo maana halisi ya kauli kwamba Kiswahili kimefika Hollywood.

Jambo zito zaidi ni uhusiano wa ndugu hao. Katika filamu ya 1994 Scar ni nduguye mfalme, ambaye alikuwa wa kwanza katika urithi mpaka Simba alipozaliwa. Uovu wake ni husuda tupu, na haki ya Simba ni ya damu. Filamu ya 2024 inasema kwamba mwenye damu ya kifalme alikuwa Scar, na Mufasa alikuwa mgeni aliyepata ufalme kwa sifa zake. Mafunzo ya filamu ya pili huenda ni bora kuliko ya kwanza. Lakini anayerudi kuitazama ile ya 1994 hawezi tena kumwogopa Scar kama zamani. Huruma imeingizwa ndani ya kitenzi kilichokwisha kukamilika miaka thelathini iliyopita.

Je, si hivyo hivyo katika simulizi za jadi? Katika masimulizi ya Fumo Liongo, wengine husema aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba alikuwa mwanawe, wengine husema alikuwa mpwa wake. Tofauti hiyo si ndogo, kwa maana usaliti wa mwana na wa mpwa haulingani katika jamii yenye kujali urithi. Hata hivyo matoleo hayo mawili yameishi pamoja, na hakuna linalolifuta jingine. Msimulizi wa Lamu hana mamlaka ya kumkataza wa Pate. Hadithi haina mwenyewe, na kwa hiyo kila badiliko ni toleo.

Hadithi ya Mufasa ina mwenyewe. Kampuni iliyotoa filamu ya 1994 ndiyo iliyotoa ile ya 2024, ndiyo inayolindwa na sheria dhidi ya msimulizi mwingine yeyote, na kwa hiyo badiliko lake halisomwi kama toleo bali kama sahihisho. Watazamaji huzungumza juu ya hadithi rasmi, na kuuliza ni kipi sasa kilicho kweli juu ya Scar, swali ambalo hadhira ya Liongo haikuwa na mtu wa kulipeleka kwake. Umilikaji huo haukomi kwenye wahusika. Kampuni hiyo hiyo ilisajili maneno hakuna matata kuwa alama ya biashara nchini Marekani mwaka 2003, usajili uliozusha malalamiko mengi ya hadhara mwaka 2018. Ijapokuwa usajili huo ulihusu mavazi, haukumkataza yeyote kuyatamka maneno hayo Tanga wala Mombasa, mantiki yake ni ile ile: kilichokuwa cha wote huingizwa katika filamu, kisha hutoka kikiwa na mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kuiuliza filamu ya pili si kama inarudia. Ni swali la kisarufi na la kisheria kwa pamoja: je, inafungua -li- yake, inaendeleza -ka-, au inarudi nyuma kukibadili kitenzi cha kwanza, na ikiwa inakibadili, je, yupo mwingine mwenye ruhusa ya kukisimulia kama kilivyokuwa? Tasnifu za uzamili zinazoorodhesha fanani, hadhira na fomula katika filamu, kisha zikaishia hapo, zimeacha nusu ya kazi.

Upo pia mtihani wa vitendo kwa wanaofundisha tafsiri. Mfasiri anayeileta filamu ya 1994 katika Kiswahili atamkuta mhusika aitwaye Scar. Akifuata njia ya majazi, kama ilivyo halali kabisa, atamwita Kovu. Akifika kwenye filamu ya 1998 atakuta kwamba jina hilo limekwisha kuchukuliwa na mrithi wake, na atalazimika ama kuwa na akina Kovu wawili, ama kulibadili neno la Kiswahili lililokuwa sahihi, ama kuliacha neno la Kiingereza kwa mwovu peke yake katikati ya jamaa wote wenye majina ya Kiswahili.