Saa za Kiswahili na Saa ya Ulimwengu: Wajibu wa Mfasiri

Wapo wanaodhani kuwa mfasiri wa taarifa za safari za anga na bahari akishabadili 9:00 kuwa "saa tatu" amemaliza kazi. Dhana hii ina kasoro. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo, kisha upya tangu machweo. Saa ya ulimwengu (UTC) huhesabiwa mfululizo tangu usiku wa manane. Saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam ni 06:00 UTC. Saa tatu usiku ni 18:00 UTC. Neno "asubuhi" likidondoshwa, msomaji aweza kukosea kwa saa 12 nzima.

Tatizo huzidi taarifa inapotoka katika nchi zinazosogeza saa mbele majira ya joto. Saa 14:00 ya New York mwezi Julai ni saa tatu usiku kwetu. Mwezi Januari ni saa nne usiku.

Kwa maoni yetu, mfasiri atafute UTC kwanza, kisha aandike saa ya Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, na UTC kando yake. Hakuna haja ya kuitupa hesabu yetu ya saa kwa kisingizio cha usahihi.