Karavani Kuukuu ya Naro Moru



Dada yetu mmoja wa Kisauni ametuandikia kwamba mumewe amepata kiwanja Naro Moru, magharibi ya Mlima Kenya, na badala ya kuanza kujenga ameonyeshwa karavani kuukuu katika shamba la jirani: ile nyumba ndogo ya magurudumu ivutwayo na gari, yenye vitanda, jiko na sinki. Fedha zao ni akiba ya miaka sita, na nusu yake ilikusudiwa karo ya binti yao. Mwenye mali amewapa wiki mbili waamue. Dada asema karavani yapendeza kwa macho, lakini moyo wake hautulii, naye auliza watazame nini.

Dada yangu, moyo wako usikuonee haya. Karavani ni mali ambayo ubaya wake hukaa ndani ya ukuta, na uzuri wake wote hukaa nje. Pazia jipya na rangi nyeupe ni kazi ya siku moja.

Adui wa karavani ni maji. Nyingi za zamani zimejengwa kwa fito nyembamba za mbao, zikavikwa bati la aluminiamu kwa nje na plaiwudi nyepesi kwa ndani. Maji yakipata upenyo mdogo tu, kwenye fremu ya dirisha au kwenye mshono wa paa, huteremka kati ya ngozi hizo mbili na kukaa humo miaka. Mbao huoza polepole, bati nalo haliambii mtu neno. Na Naro Moru, iliyo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina hali yake: jua la mchana ni kali, usiku ni baridi, na ile gundi ya kuzibia mishono hutanuka na kusinyaa kila siku hadi ikapasuka. Kisha huja mvua za masika na za vuli. Muuzaji atakwambia kwamba upande huo wa mlima hauna mvua nyingi kama Nyeri. Ni kweli, lakini ukweli huo hauzibi ufa.

Basi mwambie shemeji aende asubuhi, ikiwezekana baada ya usiku wa mvua, na aombe mapema kwamba milango na madirisha yasifunguliwe kabla hajafika. Akiingia, anuse kwanza. Harufu ya uvundo, ya nguo zilizolala na maji, ndiyo ushahidi wa awali. Na akikuta kumepulizwa manukato mengi, hiyo nayo ni habari. Avue viatu, atembee taratibu, akikandamiza sakafu kwa kisigino, hasa mlangoni na mbele ya sinki. Sakafu nzima hujibu kwa ugumu. Iliyooza hubonyea kama godoro. Abonyeze kuta kwa dole gumba pembezoni mwa madirisha, kwenye pembe zote na chini ya kidirisha cha paa. Afungue makabati, ainue vitanda, amulike kwa tochi. Doa la rangi ya chai, plaiwudi iliyovimba, kipande kimoja cha karatasi ya ukutani kilicho kipya kuliko vingine: kila kimoja kina hadithi, na yafaa muuzaji aisimulie kabla ya bei kutajwa.

Hapa siwezi kupita bila kuikumbuka ile Hadithi aliyoipokea Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akatoa lile onyo zito kuhusu mwenye kughushi. Tazama kwamba hakuishia kulitazama rundo, alitia mkono. Shemeji naye atie mkono chini ya kitanda.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Miaka ya nyuma nilinunua karavani kwa ajili ya kiwanja chetu Mtwapa, nikaridhika na viti vyake vya buluu. Mwezi wa pili mguu wa kitanda ulitoboa sakafu, na fundi seremala alipobandua ubao wa ukuta, mbao za ndani zilimwagika mkononi mwake kama ungaunga. Gharama ya kuitengeneza ilipita bei niliyoinunua. Viti bado vilikuwa vizuri.

Baada ya ndani, atandike mkeka alale chini, au ampeleke fundi alale badala yake. Chuma cha chini ndicho uti wa mgongo. Kutu nyepesi ya juujuu haina neno, lakini ile inayobanduka magamba, hasa kwenye maungio na kwenye mkono wa mbele wa kuvutia, ni ya kuogopwa. Karavani iliyozeeka bara aghalabu ina chuma kizuri na mbao mbaya. Iliyowahi kukaa pwani huwa na vyote viwili vibaya, kwa chumvi yetu hii. Aulize ilikokaa.

Akiwa huko chini aisome namba ya chesisi, ailinganishe na ya kitabu cha usajili. Kenya trela husajiliwa peke yake, na namba yake huanza kwa herufi Z. Jina lililo katika daftari la NTSA liwe la huyo anayeuza. Jambo hili lapasa kushikiliwa, kwa sababu karavani nyingi za mashambani zimesimama chini ya mti tangu enzi za babu, mwenyewe keshafariki, na anayeuza ni mtoto mmoja kati ya watano. Hiyo ni mali ya mirathi. Kuinunua bila ridhaa ya warithi wote ni kununua ugomvi wa watu usiowajua, na huenda ukala haki ya yatima bila kukusudia.

Matairi yasimdanganye kwa kuwa na meno. Tairi la karavani huzeeka kwa kusimama. Ubavuni mwake, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hivyo 3512 ni wiki ya 35 ya mwaka 2012. Tairi la umri huo ni la kubadilishwa hata kama halijatembea. Gurudumu liinuliwe kwa jeki, lizungushwe na kutikiswa. Likikwaruza au likicheza, beringi zimekwisha. Na breki, ambazo karavani nyingi hujifunga zenyewe gari linapopunguza mwendo, aghalabu huwa zimeganda kwa kutu. Mtasema mwaivuta kilomita chache tu hadi kiwanjani. Safari hiyo moja ndiyo yenye hatari, kwa kuwa ndiyo ya kwanza baada ya usingizi wa miaka.

Umeme nitaupitia kwa ufupi. Aulize karavani ilitengenezwa nchi gani. Ya Uingereza hutumia umeme unaoelekeana na wetu, na mlango wake uko kushoto, upande wa kando ya barabara kwa sisi tuendeshao kushoto. Ya Marekani vyombo vyake vimeundwa kwa volti 120, na ukivichomeka katika umeme wetu wa 240 vitaungua.

Gesi haitaki ufupi. Mipira yote ya gesi itupwe, iwekwe mipya, na fundi apime kila kiungo kwa povu la sabuni. Kisha kuna matundu madogo sakafuni na ukutani, ambayo mwenyeji hujaribiwa kuyaziba kwa matambara kutokana na baridi. Yazibuliwe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, na matundu ya sakafuni ndiyo njia yake ya kutokea.

Na hapa, dada yangu, nakuomba usome mara mbili. Sisi watu wa pwani hatuijui baridi. Usiku wa kwanza Naro Moru watoto watatetemeka, na mtu mwema atawaletea jiko la makaa muliingize ndani mufunge mlango. Musikubali kabisa. Makaa yanayofuka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na karavani ni chumba kidogo mno. Familia nzima yaweza kulala isiamke. Blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto vyatosha. Ikiwa bei ya karavani haiachi fedha ya mablanketi, basi bei ni kubwa.

Magodoro na mito yake muyatupe bila majuto. Huwa yana ukungu, na katika mashamba ya huko mbwa hupenda kulala pahala pakavu. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii kuosha mara saba, moja kwa udongo, sponji nzee iliyonyonya mate ya mbwa ni kazi isiyo na mwisho.

Tukija kwenye mapatano, muuzaji huenda akasema auza ilivyo, bila lawama. Wanazuoni wetu wa Kishafii hawamwachilii kwa neno hilo peke yake: aibu iliyokuwapo kabla ya kuuzwa humpa mnunuzi hiari ya kurudisha, maadamu hakuijua na hakukawia alipoigundua. Lakini kudai haki hiyo kwa mtu wa mbali, tena huenda si wa dini yetu, ni jambo jingine. Basi iandikwe: aibu zote alizozitaja, namba ya chesisi, bei, na siku tatu za hiari, mbele ya mashahidi. Akikubali kulipwa kwa awamu, bei iwe moja isiyoongezeka kwa kuchelewa, ili riba isiingie kwa mlango wa nyuma.

Wiki mbili mulizopewa zatosha safari mbili. Ya kwanza shemeji aende na fundi wa magari na seremala, bila pesa mfukoni. Ya pili, kama iko haja, mwende nyote wawili. Ukiwa huko, kibla ni kaskazini ikielekea mashariki kidogo tu, mlima ukiwa kuliani kwako. Na utuandikie ulichokikuta chini ya kitanda.